Injini Iliyojengwa Upya Ikiharibika Tena: Namna ya Kuidai Gereji Nchini Kenya

Injini iliyojengwa upya ikianza kugonga, kuchemka au kula oili wiki chache baada ya kutoka gereji, kwa kawaida mwenye gari humrudia fundi yule yule akiwa amekasirika, naye fundi huifungua injini siku hiyo hiyo "aangalie tu". Hapo ndipo madai mengi yanapokufa. Beringi zikishatupwa, oili ikamwagwa na chujio likaishia jalalani, hakuna mkaguzi wala hakimu atakayeweza kusema kwa uhakika ni kitu gani kilichoivunja injini hiyo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Mwongozo huu ni wa wenye magari nchini Kenya, ambako sheria inampa mteja wa gereji haki nyingi kuliko wanavyodhani wateja na mafundi wenyewe. Lakini haki hizo hazina nguvu bila ushahidi, na ushahidi wa injini umo ndani ya injini.

Zima, piga picha, usiguse

Ukisikia mlio wa kugonga unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, au taa nyekundu ya oili ikiwaka, au mshale wa joto ukipanda, zima injini papo hapo na utafute gari la kuvuta. Kuendesha "hadi nyumbani tu" kuna hasara mbili: beringi moja iliyoharibika huzaa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) iliyochimbika na pengine bloku iliyotoboka, na gereji hupata jibu lililo rahisi kuliko yote, kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeimaliza injini. Sheria nayo haimlindi mteja aliyeitumia vibaya kazi aliyofanyiwa.

Kabla ya mtu yeyote kuongeza oili au maji, piga picha ya mita ya kilomita, ya taa zilizowaka kwenye dashibodi, ya kijiti cha oili kilichofutwa na kuchovywa upya, ya kiwango cha maji katika chupa ya rejeta, na ya kila mahali panapovuja. Picha ya kijiti cha oili ina uzito wa pekee, kwa sababu swali la kwanza la kila mkaguzi litakuwa kama injini ilikuwa na oili ya kutosha ilipoharibika. Kama ulirekodi mlio kwa simu kabla ya kuzima, hifadhi faili lenyewe na usilifute hata baada ya kulituma kwa WhatsApp. Lakini usiwashe tena injini inayogonga kwa ajili ya kupata video.

Haki pia inadai tuseme kwamba si kila dalili ni kosa la fundi. Ringi mpya huhitaji muda kuzoeana na kuta za silinda, na injini inaweza kula oili kidogo katika kilomita 1,000 za mwanzo kisha ikatulia. Mlio wa valvu unaodumu sekunde chache asubuhi, injini ikiwa baridi, hautoshi kumpeleka mtu mahakamani. Moshi wa bluu usiokoma, maji yanayopungua bila kuvuja nje, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au mlio wa kugonga wa chini unaosikika zaidi injini ikipata moto, hayo ni mambo mengine.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji, Na. 46 ya mwaka 2012, ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache katika magomvi haya. Gereji inatakiwa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kazi, na haipaswi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo bila idhini yako. Inatakiwa kukurudishia vipuri vilivyotolewa, isipokuwa ulisema mapema kwamba huvihitaji. La muhimu zaidi kwa mada yetu, fundi anahesabiwa kuwa ametoa dhamana ya vipuri vipya au vilivyokarabatiwa alivyofunga, pamoja na kazi ya kuvifunga, kwa muda usiopungua siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kinachotangulia. Dhamana hiyo haigusi vitu kama vimiminika, vichujio, taa, matairi na betri.

Maandishi ya "hakuna dhamana gari likishatoka" yaliyopigwa muhuri chini ya risiti hayafuti haki hizo, kwa maana sheria yenyewe inasema zinasimama hata kama mteja alikubali vinginevyo. Kwa hiyo chukua risiti, angalia tarehe na kilomita zilizoandikwa siku ya kukabidhiwa gari, kisha uhesabu. Kama kilomita hazikuandikwa popote, tafuta rekodi nyingine inayozionyesha: picha ya siku ya kuchukua gari, kadi ya kubadilisha oili, au ripoti ya ukaguzi.

Siku 90 zikiwa zimepita hujapoteza kila kitu. Dhamana hiyo ni kiwango cha chini tu, na wajibu wa kutoa huduma yenye ubora wa kuridhisha bado unabaki. Madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka 6 kufunguliwa mahakamani. Ila baada ya siku 90 kazi ya kuthibitisha inakuwa nzito zaidi, na kila mwezi unaopita hukipa nguvu kisingizio cha kwamba injini imechoka yenyewe.

Jambo moja linalovuruga hesabu ni nani aliyenunua spea. Wateja wengi wa Nairobi huenda wenyewe Kirinyaga Road, wakanunua pistoni, ringi na beringi kwa bei wanayoitaka, kisha wakamkabidhi fundi mfuko. Hapo wajibu umegawanyika: aliyeuza anajibu kwa ubora wa kipuri, na fundi anajibu kwa kazi ya mikono yake. Fundi hodari angepima kipuri kabla ya kukifunga na kukirudisha kama hakifai, na hilo linaweza kujengewa hoja, lakini ni hoja dhaifu kuliko ile ya mteja aliyeiachia gereji ununuzi wote. Kinyume chake, gereji ikipeleka bloku au krenki kuchongwa kwa mchongaji wa nje, makosa ya mchongaji huyo hayakuhusu wewe; uliagana na gereji, na gereji ndiyo itakayotafutana naye.

Kufungua mbele ya mashahidi

Mwarifu mwenye gereji kwa maandishi kabla ya hatua yoyote. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kwa kuanzia, mradi utaje namba ya gari, tarehe ya kazi, kilomita za wakati ule na za sasa, dalili, na ombi mahususi kwamba injini isifunguliwe mpaka mkaguzi huru awepo. Mpe siku ya kuja. Akija, vizuri. Akikataa au akinyamaza, ujumbe huo utaonyesha kwamba alipewa nafasi.

Mkaguzi huru si fundi wa gereji ya jirani, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi, kwa sababu mshindani wa kibiashara hutiliwa shaka haraka. Tafuta mhandisi wa mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, au asesa (mkadiriaji wa uharibifu) wa magari wa aina ile inayotumiwa na kampuni za bima, au huduma za ukaguzi za Automobile Association of Kenya. Gharama yake itakuuma, lakini idai baadaye kama sehemu ya hasara. Kwa injini ndogo ambayo thamani yake haizidi sana gharama ya ukaguzi, pima kama inafaa. Mimi ningeona afadhali kukubaliana na gereji kuliko kulipia ripoti ghali kwa ajili ya injini ya bei ya chini.

Kabla ya kufungua, mkaguzi apime vitu vinavyopimika injini ikiwa nzima. Kama kugonga kunahatarisha injini, asiiwashe. Kama inaweza kuwashwa, apime presha ya oili kwa geji ya mkono badala ya kutegemea taa ya dashibodi, na kompresheni (presha ya mgandamizo) ya kila silinda. Katika injini ya 1NZ-FE, ile iliyojaa barabarani ndani ya Probox na Fielder, mtengenezaji anataka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi takriban kPa 98, yaani psi 14 hivi. Silinda moja ikiwa chini, mkaguzi hudondoshea oili kidogo ndani yake na kupima tena: kompresheni ikipanda, tatizo liko kwenye ringi au kuta za silinda; isipopanda, liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Kipimo hiki rahisi kimetatua magomvi mengi bila kuifungua injini.

Halafu oili imwagwe kwenye chombo safi, sampuli itiwe kwenye chupa na kuandikwa tarehe, na chujio likatwe na kufunguliwa mikunjo yake. Vumbi la rangi ya shaba ndani ya chujio linaonyesha beringi zilizokwanguka. Kila kitu kipigwe picha pale pale kabla ya kufutwa.

Injini yenyewe ikifunguliwa, inasema mengi kwa anayejua kuisoma. Beringi zote zikiwa na mikwaruzo na chembe zilizozama ndani ya metali laini, injini ilifungwa ikiwa chafu, au njia za oili kwenye krenki hazikusafishwa baada ya kuchongwa. Beringi zote zikiwa zimeungua bila uchafu, injini ilikosa oili, na hapo mkaguzi lazima aangalie pampu na chujio la waya lililo ndani ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini: mara nyingi kosa ni silikoni iliyopakwa kwa wingi kwenye kingo za sampu, ikaminyika ndani, ikakatika na kuziba chujio hilo. Huo ni uzembe wa kazi usio na ubishi, na picha yake moja hushinda maneno ya saa nzima. Beringi moja tu ya kondrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikiwa imezunguka mahali pake, shaka huelekea kwenye uwazi usiopimwa au boliti zisizokazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama mtengenezaji anavyoagiza.

Gasketi ya silinda hedi ikiwa imeungua, hedi iwekewe rula iliyonyooka na kupimwa kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kuona kama imepinda. Hapa gereji itasema, "Umeichemsha mwenyewe." Jibu lake halimo katika mabishano, limo katika sababu ya kuchemka. Je, rejeta ilisafishwa wakati wa kazi? Je, hewa ilitolewa kwenye mfumo wa maji? Je, thamostati iliwekwa au ilitolewa na kutupwa, kama ilivyo desturi mbaya ya mafundi wengi wanaoamini kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati? Kama rejeta ilikuwa imeziba tangu mwanzo, na gereji ilijua injini ya kwanza ilikufa kwa joto, basi kujenga injini upya na kuirudishia rejeta ile ile bila kukuonya kwa maandishi ni kosa la kitaalamu. Lakini kama walikuonya, ukakataa kulipia rejeta mpya, dai lako limepoteza mguu mmoja.

Usisahau kusoma namba zilizogongwa kwenye vipuri. Juu ya pistoni na mgongoni mwa beringi huwa pameandikwa ukubwa: STD kwa saizi ya kawaida, au 0.25 na 0.50 kwa zilizoongezwa baada ya kuchonga. Ukitozwa kazi ya kuchonga silinda na pistoni za 0.50, kisha pistoni zikakutwa na STD, kuna uwongo mahali fulani. Kuta za silinda zinazong'aa kama kioo, bila michirizi ya msalaba inayoachwa na kusugua kwa honi (kifaa cha kusugulia silinda), nazo huonyesha kwamba ringi mpya zilipachikwa juu ya kuta za zamani. Hatimaye, linganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na ile iliyo kwenye kitabu cha umiliki kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari. Kuna gereji zinazolipwa kujenga injini zikafunga ya mtumba, na namba zisipolingana una tatizo kubwa kuliko injini kugonga, kwa kuwa litakuzuia hata kuliuza gari.

Vipuri vilivyoharibika vifungwe kwenye mifuko, viandikwe, na vitiwe sahihi na wote waliokuwepo. Vibaki kwako au kwa mkaguzi, kamwe visibaki gereji.

Kama gari limekwama kwenye gereji hiyo hiyo

Gereji ina haki ya kushikilia gari mpaka ilipwe kazi iliyofanya, hata kama unaibishia ubora wake. Kulivizia gari usiku kwa funguo ya akiba hukuhamisha kutoka upande wa anayedai hadi upande wa anayeshtakiwa. Njia salama ni kulipa salio kwa M-Pesa au benki, na kutuma ujumbe papo hapo usemao kwamba unalipa huku ukipinga ubora wa kazi na kuhifadhi haki ya kudai. Usiliache gari huko miezi mingi pia, kwa kuwa Kenya ina sheria inayomruhusu mwenye gereji, baada ya kutoa notisi, kuuza mali isiyochukuliwa.

Wengine hukimbilia kituo cha polisi. Kazi mbovu ni jambo la madai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Wahusishe pale tu panapokuwa na wizi, kwa mfano alteneta au injini nzima iliyobadilishwa bila wewe kujua.

Barua ya madai

Ripoti ya mkaguzi ikiwa mkononi, andika barua fupi isiyo na matusi. Mfano wake ni huu:

"Tarehe iliyotajwa kwenye ankara yenu nililipa gharama za kujenga upya injini ya gari langu. Baada ya siku 41 na kilomita 2,300, injini ilianza kugonga, nikaizima na kuwaarifu siku hiyo hiyo. Ukaguzi wa mhandisi huru, ambao mlialikwa kuhudhuria, umeonyesha kwamba chujio la oili ndani ya sampu limezibwa na silikoni iliyotumika wakati wa kufunga, na kwamba beringi zimeungua kwa kukosa oili. Nakala ya ripoti na picha zimeambatishwa. Kwa mujibu wa dhamana iliyowekwa na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, naomba, ndani ya siku 14, ama mrudie kazi hiyo kwa gharama zenu kwa masharti yaliyoorodheshwa, ama mnirudishie gharama za kazi, vipuri, kuvuta gari na ukaguzi. Muda huo ukipita bila jibu nitafungua madai mahakamani bila kuwaarifu tena."

Gereji ikikubali kurudia kazi, masharti ni muhimu kuliko furaha ya kushinda. Andikeni ni vipuri gani vitabadilishwa, nani atavinunua, kwamba utaonyeshwa vipimo vya krenki na silinda kabla ya kufunga, kazi itakamilika lini, na kwamba dhamana itaanza kuhesabiwa upya siku ya makabidhiano. Mimi nisingekubali kurudiwa kazi na fundi ambaye ripoti imeonyesha hakupima kitu. Ningedai fedha niende kwingine.

Kuna hali moja ambamo huhitaji kumrudia kwanza. Gari likiharibika mbali, tuseme Voi ilhali gereji iko Nairobi, na si busara kulirudisha, sheria inakuruhusu kutengenezewa mahali palipo karibu na kuidai gereji ya kwanza gharama ya kazi yake ya awali pamoja na ya kuvutwa. Hata hapo, picha, vipuri vya zamani na risiti yenye maelezo kamili havina mbadala.

Mahakama ya Madai Madogo

Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, kisha ikaenea sehemu nyingine za nchi. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ikiwemo mikataba ya huduma na uharibifu wa mali, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu madai yafunguliwe. Unaweza kujisimamia bila wakili, Kiswahili kinakubalika, na kanuni kali za ushahidi hazitumiki kama katika mahakama nyingine. Gharama za injini nyingi za magari madogo zinaingia ndani ya kiwango hicho. Dai la lori au basi laweza kuzidi na kupelekwa kwa hakimu wa kawaida.

Kabla ya kufungua, hakikisha unamshtaki nani. Jina lililopakwa kwenye lango la gereji mara nyingi si jina la mtu wala la kampuni. Fanya utafutaji katika Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Kama ni kampuni, hati ya CR12 itaonyesha wakurugenzi, na kama haijasajiliwa, mshtaki mwenye gereji kwa jina lililotokea kwenye malipo yako ya M-Pesa. Fundi wa jua kali asiye na risiti bado anashtakika, kwa kuwa mkataba wa mdomo ni mkataba, na taarifa ya M-Pesa pamoja na mazungumzo ya simu yanaweza kuuthibitisha.

Katika hesabu ya hasara, weka yale tu unayoweza kuyaonyesha: malipo ya kazi, spea, kuvuta gari, ukaguzi, na gharama ya kutengeneza upya kwa makadirio ya gereji nyingine. Mwenye teksi au matatu anaweza kudai mapato aliyopoteza, lakini kwa rekodi za siku za nyuma, si kwa kukisia, na kwa kipindi cha kawaida cha matengenezo tu. Aliyeacha gari likae mwaka mzima ataulizwa kwa nini hakupunguza hasara yake.

Uamuzi ukitoka upande wako na gereji isilipe, utaomba utekelezaji, na dalali wa mahakama anaweza kukamata mali yake. Ndiyo maana wengi huomba kulipa kwa awamu mara baada ya uamuzi. Ukikubali, awamu hizo zirekodiwe mahakamani zikiwa na tarehe na kiasi cha kila moja, pamoja na sharti kwamba awamu moja ikirukwa deni lote lililobaki linadaiwa mara moja.